Aida Overton Walker: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukilitaja jina la Aida Overton Walker mbele ya watu wanaofuatilia historia ya jukwaa la Marekani, mara nyingi utajibiwa, "Aa, yule mke wa George Walker." Ni kweli mchekeshaji huyo maarufu alikuwa mumewe. Lakini George mwenyewe alipoishiwa nguvu jukwaani, aliyevaa nguo zake na kumaliza onyesho alikuwa Aida. Maswali yafuatayo ndiyo yanayojirudia kumhusu. Pale majibu mawili yanapokutana tumekuelekeza swali jingine badala ya kurudia maneno.

## Mambo ya msingi

Aida Overton Walker alikuwa nani?

Alikuwa Mmarekani Mweusi, mwigizaji, mwimbaji, mcheza dansi na mpangaji wa miondoko ya jukwaani, aliyetamba New York na London mwanzoni mwa karne ya 20. Alizaliwa 14 Februari 1880, akakulia New York, na akafariki jijini humo 11 Oktoba 1914 kwa ugonjwa wa figo. Alikuwa na miaka 34 tu.

Kazi zinazotajwa zaidi ni *Sons of Ham* (1900), *In Dahomey* (1903), *Abyssinia* (1906) na *Bandanna Land* (1908), zote za kampuni ya Williams na Walker. Baada ya hapo akaja *The Red Moon* ya Bob Cole na J. Rosamond Johnson, kisha *His Honor the Barber* (1911). Katikati ya kazi hizo alizunguka na maonyesho ya vodevili, yale ya mchanganyiko wa nyimbo, vichekesho na dansi ambayo ndiyo yaliyokuwa burudani kuu ya miji ya Marekani kabla ya sinema kuyamaliza.

Jina lake ni Ada au Aida?

Yote mawili. Alizaliwa Ada Overton, na kwenye matangazo ya zamani utamkuta kwa jina hilo. Baadaye, akiwa tayari maarufu, akaanza kuandika Aida. Msikilizaji wa opera ataligundua jina mara moja: Aida wa Verdi ni binti mfalme wa Ethiopia aliyetekwa na kupelekwa Misri. Ukitafuta habari zake kwenye magazeti ya enzi hizo, tafuta kwa majina yote mawili, la sivyo nusu ya maisha yake itakupita.

Ana undugu na Madam C. J. Walker, yule tajiri wa mafuta ya nywele?

Hapana, majina tu yamegongana. Wote wawili walilipata jina la Walker kwa kuolewa, na wanaume wenyewe walikuwa tofauti.

Aliingiaje kwenye maigizo?

Akiwa bado msichana alijiunga na kundi la Black Patti Troubadours, lililojengwa kumzunguka mwimbaji wa opera Sissieretta Jones. Huko alikuwa miongoni mwa wacheza dansi na waitikiaji, yaani wale unaowaona kwa safu nyuma ya nyota.

Mlango ulifunguliwa na picha ya tangazo la tumbaku. Mwishoni mwa miaka ya 1890 kampuni moja ya tumbaku ilitaka picha za watu wakicheza kekiwoki (tazama "Kekiwoki ni dansi gani hasa?"). Wanaume walikuwa Bert Williams na George Walker. Rafiki yake Aida, mwigizaji Stella Wiley, akamwita waende wakapigwe picha pamoja nao. Picha zikaenea kote, wanne wale wakaonekana wanapendezana, na muda si mrefu Aida akawa ndani ya kampuni. Mwaka 1899 yeye na George wakafunga ndoa.

Williams na Walker walikuwa akina nani?

Bert Williams alizaliwa Nassau, Bahamas. George Walker alitoka Lawrence, Kansas. Walikutana San Francisco mwaka 1893, vijana wasio na senti, wakaamua kufanya vichekesho pamoja. Miaka hiyo wachekeshaji wa Kizungu walikuwa wakijipaka masizi usoni na kuwaiga Weusi kwa dharau, huku wakijiita kwa tusi la rangi. Bert na George wakaona kichekesho ndani ya kichekesho: wakalichukua tusi lile lile, wakajitangaza kuwa wao ndio "wa kweli". Leo jambo hilo linachoma kusoma. Wakati ule ndilo lililowaingiza kwenye kumbi ambazo zisingewapokea kwa lugha nyingine.

Waligawana kazi. Bert alikuwa goigoi, mtu wa nuksi, anayeongea polepole na kuangukiwa na kila balaa. George alikuwa mtanashati mwenye maneno mengi na mkono mwepesi kwenye pesa za mwenzake. Aida alipoingia, kampuni ikapata kitu ambacho wanaume wale wawili hawakuwa nacho: nidhamu ya dansi na umaridadi wa mwanamke asiyekuja jukwaani ili achekwe. George naye nje ya jukwaa alikuwa mfanyabiashara hodari, na kampuni yao ikawa miongoni mwa chache zilizotoa ajira ya maana kwa waandishi, watunzi, wapiga muziki na mafundi Weusi kwa pamoja.

## Kekiwoki

Kekiwoki ni dansi gani hasa?

Jina lake maana yake ni "mwendo wa keki". Ilianza kwenye mashamba ya watumwa kusini mwa Marekani. Watumwa waliwatazama mabwana na mabibi wakiingia kwenye dansi zao kwa maringo, kifua mbele, shingo juu, wakawaiga kwa kutia chumvi: mgongo unapinda nyuma, magoti yanapanda, kofia inavuliwa kwa mbwembwe. Waliocheza vizuri zaidi walizawadiwa keki. Mabwana walitazama na kucheka, wengi wao bila kutambua kwamba wanaochekwa ni wao wenyewe.

Mtu wa pwani yetu anayeijua beni, na jinsi ilivyochukua gwaride na vyeo vya Wazungu ikavigeuza ngoma ya mashindano, hatahitaji maelezo marefu hapa.

Baadaye wachekeshaji wa Kizungu waliojipaka masizi waliichukua dansi hiyo ili kuwadhihaki Weusi. Kwa hiyo Aida alipoipandisha jukwaani mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa akiirudisha nyumbani: ilikuwa dhihaka ya watumwa kwa mabwana, ikawa dhihaka ya Wazungu kwa watumwa, sasa ikachezwa na mwanamke Mweusi kwa wepesi na usafi kiasi kwamba dhihaka ikakosa pa kushika. Ndiyo maana aliitwa malkia wa kekiwoki.

Ni kweli aliwafundisha matajiri wa Kizungu?

Ndiyo. Kekiwoki ilipokuwa fasheni, familia tajiri za New York zilimwalika awafundishe, na London nako ikawa hivyo hivyo. Aliingia kwa mlango wa mbele, kama mwalimu, kwenye majumba ambayo mwanamke Mweusi aliyajua kwa mlango wa jikoni.

Kuna kisa kinachopendwa sana kinachohusiana na hili, ingawa ni cha Bert na George. Mwaka 1898, ilipovuma kwamba William K. Vanderbilt, mmoja wa matajiri wakubwa wa Marekani, ameicheza kekiwoki kwenye dansi ya wakubwa, Bert na George walivaa wakapendeza, wakapeleka barua nyumbani kwake. Walimwambia kwamba kwa kuwa ameingilia fani yao, wanamwita kwenye shindano la kuamua bingwa wa dunia, kila upande uweke dola 50. Shindano halikufanyika. Magazeti ndiyo yaliyofaidi, na wao wenyewe kwa tangazo la bure.

## In Dahomey

In Dahomey inahusu nini, na Aida alicheza nani?

Ni mchezo wa muziki na vichekesho. Kisa na mazungumzo yaliandikwa na Jesse A. Shipp, muziki ukatungwa na Will Marion Cook, na maneno ya nyimbo yaliongozwa na mshairi Paul Laurence Dunbar. Wajanja wawili wanaingia kwenye mpango wa jumuiya inayotaka kuwahamishia Wamarekani Weusi Afrika, na kila mmoja anatafuta namna ya kunufaika. Usidanganywe na jina: sehemu kubwa inatokea Boston na Florida, na Dahomey, ufalme wa zamani wa Afrika Magharibi, ni mahali panapoongelewa zaidi kuliko panapoonekana.

Aida alikuwa Rosetta Lightfoot, binti mtundu asiyetulia nyumbani, ambaye ndoto yake ni kuwa mwigizaji mkubwa. Wimbo wake, "I Wants to Be a Actor Lady", unamwonyesha msichana aliyechoka na nafasi ndogo anayetaka jina lake liandikwe juu. Ukikumbuka alikoanzia Aida, nyuma ya nyota kwenye safu ya waitikiaji, wimbo ule unakuwa na tabasamu la ziada.

Kwa nini mwaka 1903 unatajwa sana?

Kwa sababu tarehe 18 Februari 1903 *In Dahomey* ilifunguliwa kwenye New York Theatre, na ikawa mchezo kamili wa kwanza wa muziki ulioandikwa na kuchezwa na Weusi kuingia kwenye ukumbi mkubwa wa Broadway, mtaa wa kumbi kuu za maigizo New York. Kabla yake kulikuwa na *Clorindy* ya mwaka 1898, kazi ya Cook na Dunbar hao hao, lakini ile ilikuwa fupi na ilichezwa kwenye bustani ya juu ya paa la ukumbi wa Casino. Kucheza kwenye paa wakati wa kiangazi na kushika jukwaa lenyewe wakati wa baridi ni mambo mawili tofauti.

New York walicheza mara 53. Si idadi ya kutisha. Kilichofanya mchezo ule uwe habari ya dunia ni London.

Walifikaje hadi kasri la mfalme wa Uingereza?

Kampuni nzima ilivuka Atlantiki, ikafungua kwenye Shaftesbury Theatre, London, tarehe 16 Mei 1903. Kekiwoki ilishika mji. Wiki chache baadaye wakaitwa Buckingham Palace: tarehe 23 Juni 1903 mjukuu wa Mfalme Edward wa Saba, aliyekuja kuwa Edward wa Nane, alikuwa anatimiza miaka tisa, na familia ikataka *In Dahomey* iwe burudani ya sherehe. Jukwaa likajengwa bustanini. Hivyo mchezo wa wajukuu wa watumwa ukachezwa kwenye majani ya kasri, mbele ya watoto wa kifalme.

Mwaliko huo ulikuwa na faida kubwa kuliko posho ya siku moja. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba *In Dahomey* ni mchezo wa vichochoroni. London peke yake ulichezwa zaidi ya mara 200, kisha kampuni ikazunguka miji mingine ya Uingereza kabla ya kurudi Marekani mwaka 1904 ikiwa na heshima mpya machoni pa watu.

Je, walikuwa wanaijua Dahomey yenyewe?

Kidogo sana, na jibu hili linafaa kusomwa polepole. Dahomey ilikuwa nchi katika eneo la Benin ya leo. Ufalme ule ulivunjwa na Ufaransa kwa vita vya 1892 hadi 1894. Mwaka 1903, London ilipokuwa inacheka, mfalme wa mwisho aliyeipigania, Béhanzin, alikuwa uhamishoni Martinique. Alifariki mwaka 1906 nchini Algeria, hajarudi kwao.

Uhusiano wa Williams na Walker na nchi hiyo ulianzia kwenye kioja. Mwaka 1894 San Francisco ilikuwa na maonyesho makubwa, na miongoni mwa vivutio vyake palikuwa na "kijiji cha Wadahomey". Wadahomey wenyewe walichelewa kufika. Waandaaji wakawaajiri vijana Weusi wa mjini wavae majani na ngozi na kujifanya Wadahomey, na Bert na George walikuwa miongoni mwao. Waafrika halisi walipofika, vijana wale waliachishwa kazi, lakini waliruhusiwa kuingia na kutazama. George aliandika baadaye, mwaka 1906, kwamba ngoma na nyimbo walizoziona pale ndizo zilizowafanya waanze kufikiria kuipeleka Afrika jukwaani.

Kwa hiyo Afrika ya *In Dahomey* ni Afrika ya kusikia. Inacheka wale wanaotaka kuhamia huko, na wakati mwingine inawacheka wenyeji pia. Kumpenda Aida hakutulazimishi kulificha hilo.

## Abyssinia

Kwa nini mchezo uliofuata ulikwenda Ethiopia?

Kwa sababu ya Adwa. Tarehe 1 Machi 1896 jeshi la Mfalme Menelik wa Pili liliwashinda Waitaliano, na habari hiyo ilisambaa kwa Weusi wa Marekani kama chakula kwa mwenye njaa. Mwisho wa 1903 Marekani yenyewe ilituma ujumbe Addis Ababa na kuweka saini mkataba wa biashara na Menelik. Hapa palikuwa na nchi ya Kiafrika ambayo mtu asingeweza kuitaja kwa dharau bila kujikwaa.

*Abyssinia*, jina la zamani la Ethiopia, ilifunguliwa Majestic Theatre, New York, mwezi Februari 1906. Mtu wa Kansas anashinda bahati nasibu, anawasafirisha ndugu na marafiki hadi Ethiopia, na huko wageni wanaingia matatani kwa kutojua desturi. Linganisha na *In Dahomey*: safari hii wanaochekesha ni Wamarekani, na wenyeji wana mfalme, sheria na heshima yao. Bert, akiwa ameshikwa kwa kosa la wizi, anangoja idadi ya milio ya kengele itakayoamua kama mkono wake utakatwa au ataachiwa. Ukumbi ulikuwa ukivunjika mbavu.

Aida alicheza Miriam, msichana wa sokoni, na ndiye aliyepanga dansi. Kwa maoni yetu hii ndiyo kazi iliyozama bila haki. Ilichezwa mara 31 tu New York, ilikuwa na gharama kubwa, na watazamaji wengi wa Kizungu walitaka Bert na George wabaki pale pale walipowazoea. Lakini msomaji wa Afrika Mashariki akiniuliza aanze na mchezo upi, nitamwambia aanze na huu.

## Ubaguzi, heshima na mipaka ya jukwaa

Weusi wenzake waliruhusiwa kwenda kumtazama?

Waliruhusiwa, wakiwa juu. *In Dahomey* ilipofunguliwa New York, viti vya chini mbele ya jukwaa viliwekwa kwa Wazungu, na watazamaji Weusi wakapelekwa roshani za juu. Kabla ya usiku wa kwanza magazeti yalikuwa yakibashiri fujo za rangi, na fujo hazikutokea.

Hofu haikuwa ya kubuni, ila waliotishiwa walikuwa upande mwingine. Mwezi Agosti 1900 makundi ya Wazungu yaliwashambulia Weusi mitaani New York kwa siku mbili, na baadhi walikuwa wakiwatafuta waigizaji mashuhuri kwa majina. George Walker aliponea chupuchupu. Aida alikuwa na miaka 20, ameolewa mwaka mmoja.

Kwa nini michezo yake haina matukio ya mapenzi?

Kwa sababu watazamaji wa Kizungu hawakuvumilia kuona mwanamume na mwanamke Weusi wakipendana jukwaani kwa dhati. Kupendana kwa kichekesho, sawa. Kuanguka, kugombana, kunyang'anyana mkufu, sawa. Lakini wawili kusimama kwenye mwanga na kuambiana maneno ya kweli kungewafanya waonekane binadamu kamili, na hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Aida alilizungumza hili waziwazi kwenye mahojiano ya gazeti, akieleza kwamba waigizaji Weusi hulazimika kufikiria mambo chungu nzima kabla ya kila hatua.

Alichofanya ni kulipitisha penzi kwenye wimbo na dansi. Katika *Abyssinia* aliimba "I'll Keep a Warm Spot in My Heart for You", na katika *Bandanna Land* "It's Hard to Love Somebody". Kile ambacho mazungumzo yalikatazwa kusema, sauti ilikisema.

Alikuwa akijipaka masizi usoni?

Masizi ndiyo alama ya Bert Williams, aliyekuwa na ngozi nyeupe kiasi na ambaye aliyatumia kama kinyago karibu maisha yake yote ya kazi. George hakuyategemea. Aida naye alijengewa jina na mavazi ya kifahari, sauti na miguu.

Aliwahi kuandika chochote?

Ndiyo, na kinasomeka vizuri hadi leo. Oktoba 1905 jarida la *Colored American Magazine* lilichapisha makala yake kuhusu wanaume na wanawake Weusi jukwaani. Alikuwa akijibu mafungu mawili kwa mpigo. Kwanza Wazungu, waliomwona mwigizaji Mweusi kama mtu wa kuchekwa. Pili familia za Weusi wenye heshima zao, watu wa kanisa na wa shule, walioona kwamba binti akipanda jukwaani amepotea. Aida alidai kwamba taaluma yake inafanya mengi kupunguza chuki ya rangi kuliko taaluma nyingine yoyote ya Weusi, na kwamba msichana mwenye malezi hayapotezi kwa kupanda jukwaani. Kina mama wa pwani na bara waliowahi kumkataza binti kuimba taarabu au kujiunga na bendi watautambua ugomvi huo.

Hakuishia kuandika. Alichangisha fedha kwa maonyesho ya hisani, likiwemo la kusaidia White Rose, nyumba ya New York iliyowapokea wasichana Weusi waliofika mjini kutafuta kazi.

## George anapougua, na baadaye

Ni kweli alivaa suti ya mumewe na kucheza nafasi yake?

Ndiyo. *Bandanna Land* ilifunguliwa Majestic Theatre tarehe 3 Februari 1908. Ni kisa kitamu cha Weusi wanaonunua ardhi, wakaiuzia kampuni ya reli nusu yake, kisha wakafungua nusu iliyobaki kuwa bustani ya starehe yenye kelele hadi kampuni ikalipa bei ya kuruka ili iwaondoe. George alikuwa na wimbo wake uliompa sifa kuliko zote, "Bon Bon Buddy", wimbo wa mtanashati anayejua kwamba anatazamwa.

Mchezo ukiwa ziarani, George akaanza kubadilika. Ulimi ukawa mzito, maneno aliyoyajua kama jina lake yakampotea katikati ya mstari. Ilikuwa kaswende iliyofika kwenye ubongo, na wakati huo haikuwa na dawa. Mwaka 1909 akaondoka jukwaani na hakurudi tena.

Kampuni ilikuwa na tikiti zilizouzwa, watu wa kulipwa na miji inayosubiri. Aida akaingia kwenye suti za George, kofia yake na fimbo yake, akaimba "Bon Bon Buddy" kama mwanamume. Hakumwiga kwa mzaha. Walioutazama wimbo ule miezi michache nyuma walimwona George akitembea ndani ya mwili wa mkewe, hali mwenye suti ni mgonjwa. George alifariki 6 Januari 1911, akazikwa kwao Lawrence.

Alikuwa mwigizaji wa kuvaa kiume, basi?

Baada ya hapo, mara kwa mara. Katika *His Honor the Barber* ya mwaka 1911, akiwa na mchekeshaji S. H. Dudley, alirudi na suti na kuimba "That's Why They Call Me Shine". Ndiye aliyeutambulisha wimbo huo, ambao baadaye, ukiitwa "Shine" tu, ulirekodiwa na wanamuziki wengi wa jazi. Wengi wanaoujua leo hawajui kwamba uliimbwa kwanza na mwanamke.

Salome yake ilikuwaje?

Mwaka 1908 Marekani ilipata wazimu wa Salome. Kila ukumbi ulikuwa na mcheza dansi mwenye shela na shanga akikizunguka kichwa cha Yohana Mbatizaji, kama Salome wa Biblia, na kadiri shela zilivyopungua ndivyo tikiti zilivyouzwa. Wote walikuwa Wazungu. Aida akaingiza Salome yake ndani ya *Bandanna Land*, kisha mwaka 1912 akaicheza peke yake kwenye Hammerstein's Victoria, ukumbi mkuu wa vodevili New York.

Mtego ulikuwa wazi. Mwanamke Mweusi akicheza dansi ya tamaa, watazamaji wengi walikuwa na hukumu tayari kabla hajainua mguu. Kwa hiyo alijifunika zaidi ya wenzake na akategemea uigizaji kuliko kiuno. Wapo waliosema ameipoza. Tunaona alifanya hesabu ngumu kuliko wao wote, akapata alichokitaka: nafasi ya kuitwa mcheza dansi wa jukwaa kuu bila kuwekwa kwenye fungu la vichekesho.

## Maswali ya pembeni

Kwa nini aitwe mwigizaji, wakati kazi yake kubwa ni dansi?

Kwa sababu jukwaa la wakati ule halikutenganisha, na Weusi ndio hawakupewa nafasi ya kutenganisha kabisa. Milango ya tamthilia nzito ilikuwa imefungwa. Aliyetaka kuigiza aliigiza ndani ya wimbo na ndani ya hatua za dansi. Rosetta, Miriam na yule mtanashati wa "Bon Bon Buddy" ni wahusika watatu tofauti kabisa. Mtu asiye mwigizaji asingeweza kuwabeba.

Kuna mtu aliyerithi kazi yake?

Aliyetajwa zaidi ni Florence Mills. Akiwa mtoto mdogo, Florence alifundishwa na Aida wimbo wa "Miss Hannah from Savannah", uliompa Aida jina katika *Sons of Ham*, akauimba jukwaani kama "Baby Florence". Miaka ya 1920 ndiye aliyekuwa nyota mkubwa wa Weusi New York na London. Naye alifariki kijana, mwaka 1927. Miaka yake ya mwisho Aida pia alikuwa akiandaa na kuongoza makundi ya wasichana wacheza dansi, akiwapa mafunzo ambayo yeye aliyaokoteza njiani.

Naweza kupanda na nyimbo zake jukwaani leo?

Muziki unastahili. Maneno ni shughuli. Nyimbo nyingi za kipindi hicho, hata zilizoandikwa na Weusi, zimebeba matusi ya rangi na Kiingereza kilichovunjwa makusudi, kama unavyoona kwenye jina la wimbo wa Rosetta. Waliozicheza upya miaka ya karibuni wengine wamezibadilisha, wengine wameziacha zilivyo na kutoa maelezo kwanza. Ukiwa mbele ya watazamaji wasioijua historia, anza na maelezo. Kuhusu Salome na mavazi ya kiume, rudi kwenye majibu ya hapo juu kabla hujachagua vazi.

Kuna sauti au filamu yake?

Bert na George walirekodi sahani za santuri mwaka 1901, na sauti zao unaweza kuzisikia. Ya Aida haijulikani kuhifadhiwa popote. Zimebaki picha: za studio, za kadi, za matangazo, nyingi akiwa amesimama mkono kiunoni na kofia pana.

Ukitaka kuona kekiwoki ikitembea, kuna njia ya pembeni. Mwaka 1913 Bert Williams na waigizaji wenzake Weusi walipiga filamu ambayo haikumalizwa. Mikanda yake ikalala kwa miongo mingi, hadi jumba la makumbusho la MoMA, New York, lilipoiunganisha na kuionyesha mwaka 2014. Ndani yake mna kekiwoki ndefu, watu wakipita wawili wawili huku wakicheka kweli kweli. Aida hayumo. Lakini waliomo ni kizazi chake, na namna wanavyorusha magoti na kupinda mgongo ndiyo dansi ile ile iliyompeleka kwenye bustani ya Buckingham.